Mashine ya Nne Nyuma ya Utepe wa Njano

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumatano, mwanamke mmoja ameketi juu ya kreti ya plastiki iliyogeuzwa, ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa cha mafagio. Mbele yake zinavuma kompyuta tatu zisizo na skrini. Mapajani ana karatasi yenye majina sita. Manne ameyakata kwa kalamu, kisha akayarudisha, kisha mawili kati ya hayo akayakata tena.

"Jana saa kumi nilikuwa nimeshaamua," anasema bila kuinua macho. "Nikaenda kunywa chai. Niliporudi sikukumbuka kwa nini."

Hapa kazini wanamwita Dada Waya, kwa sababu siku ya kwanza alifika na bunda la waya begani, akapita nalo mapokezi hadi ofisi ya meneja bila kulitua. Ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na moja amekuwa fundi pekee wa kompyuta katika kampuni hii, inayosambaza dawa kwa zahanati sitini na mbili. Printa ikizimika, ni yeye. Mtu akisahau neno la siri, ni yeye. Hata feni ya chumba cha mikutano ikikwama, utasikia koridoni, "Dada Waya yuko wapi?" utadhani feni nayo ina kibodi.

Wiki hii feni zisubiri. Ijumaa saa nane mchana anatakiwa amtajie meneja jina moja tu, la mfumo utakaoendesha zile seva tatu, yaani kompyuta za chumba cha mafagio zinazohudumia kampuni nzima. Akikosea tena, seva zitakabidhiwa kampuni ya nje, na yeye mwenyewe hajui kama baada ya hapo ataachiwa hata hizo feni.

Neno "tena" ndilo linalomkosesha usingizi.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, ile programu inayoamka kwanza ndipo nyingine zote zipate pa kusimama. Ni ya bure, na kila mwenye ujuzi anaruhusiwa kuichukua, kuipamba apendavyo na kuigawa kwa jina lake. Ndiyo maana leo zipo za aina mamia, na mafundi huziita distro. Zote ni Linux, na kila moja ina wapenzi walio tayari kununiana na ndugu wa tumbo moja kwa ajili yake.

"Unaingia dukani kununua sabuni," anaeleza Dada Waya. "Unakuta sabuni mia tatu. Halafu kila mteja uliyemkuta humo anakuambia ile aliyoshika mwenzake inachubua."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Dada Waya ameisikia methali hiyo mara nne wiki hii, mara tatu kutoka kwa watu ambao hawajawahi kushika jembe wala seva.

Kosa lake lilianza kwa mapenzi, na kwa hilo hana tofauti na wengi wetu.

Nyumbani alikuwa na distro aliyoipenda kwa dhati. Ilikuwa ya wale wasiotaka kungoja. Kila kilichotengenezwa jana, leo inacho. Kila asubuhi alifungua kompyuta akakuta masasisho mapya yameshaingia yenyewe, kila kitu kinang'aa, akafurahi peke yake mbele ya kikombe. Jina la distro hiyo ameomba lisiandikwe.

"Haikunikosea kitu," anasema. "Mimi ndiye niliyeipeleka mahali si pake. Unaweza kumpenda mtu sana, lakini si kila anayekuchekesha unampa funguo za ghala."

Mfumo wa zamani wa kampuni ulikuwa umefika mwisho. Waliokuwa wakiutengeneza walitangaza kwamba hawatauzibia tena matundu ya usalama, na seva isiyozibwa matundu ni mlango usio na komeo. Ilibidi ubadilishwe. Dada Waya hakufikiri mara mbili. Alichukua kipenzi chake cha nyumbani, akakiweka kwenye seva zote tatu, na akaziamuru zijisasishe zenyewe kila alfajiri, kama alivyozoea.

Kwa siku nane mambo yalikwenda vizuri hadi watu wakampongeza. Siku ya tisa, Jumanne, seva ilijisasisha kama ilivyoamriwa. Ilileta kipande kipya, na programu ya zamani ya kuchapa lebo haikukitambua kipande hicho, ikagoma kufunguka.

Mtu wa nje ataona lebo ni kitu kidogo. Katika kampuni hii hakuna katoni inayovuka mlango bila lebo yenye jina la dawa, tarehe yake ya mwisho na zahanati inakokwenda. Ni sheria, na sheria hiyo haina jamaa. Bila lebo, magari yalikaa. Madereva walikaa kivulini. Katoni zilijipanga hadi zikaziba mlango wa choo.

Kazi ilisimama saa sita. Zahanati kumi na tisa hazikupata mzigo kwa wakati.

"Muuguzi wa zahanati moja alipiga simu mara tatu kuulizia insulini," anasimulia Dada Waya, na hapa anaiweka karatasi chini. "Simu zilikuwa zinapita kwangu kwa sababu mapokezi walielemewa. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea. Mara ya tatu aliniuliza tu, 'Dada, nimwambie mgonjwa arudi nyumbani au asubiri?' Nikampa mtu mwingine ile simu."

Mgonjwa alisubiri, na alipata dawa yake saa kumi na mbili jioni. Dada Waya aliipata habari hiyo siku iliyofuata, akaingia chumba cha mafagio, akafunga mlango na kulia. Anasema hivyo waziwazi, wala haoni haya.

Alikuwa ameshaurudisha mfumo wa zamani kutoka kwenye nakala za akiba, na kazi ikaendelea. Lakini mfumo ule ulikuwa na matundu yale yale, kwa hiyo haikuwezekana kuuacha pale.

Meneja hakufoka. Alimwita, akampa kiti, akauliza swali moja: "Kwa nini mashine yetu ilibadilika bila sisi kuamua?" Kisha akampa wiki tatu za kuchagua upya, ambazo mwisho wake ni Ijumaa hii.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jioni ya siku ile ya aibu Dada Waya alifika nyumbani, akaiona laptopu ya mama yake mezani karibu na dirisha, akashtuka. Nayo ilikuwa na distro ile ile.

Mama yake ana miaka sabini na mmoja. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa miaka thelathini, na mpaka leo vidole vyake vinakimbia kuliko mdomo wake, ambao nao si mzito. Majirani humletea barua za kuomba kazi, malalamiko ya maji, na mialiko ya harusi. Anazichapa, anazituma au anazitoa kwenye printa ndogo, na anakataa kupokea zaidi ya kile kidogo cha karatasi na wino. Hiyo meza ya dirishani ndiyo ofisi yake. Laptopu alinunuliwa mwaka jana na mwanawe wa kiume, mpya, bado ina karatasi ya plastiki pembeni.

Mama alikuwa kwa jirani. Dada Waya aliamua kumwokoa kabla balaa halijamfikia. Alichagua distro inayosifiwa kwa utulivu kuliko zote, ambayo haipokei kitu mpaka kiwe kimezeeka kidogo. Akatoa mfukoni karatasi aliyoiandika kwa ajili ya seva, akaifuata hatua kwa hatua. Hatua ya sita ilisema: usiweke madirisha wala picha za kubofya kwenye skrini, seva haihitaji.

Hakusita. Alikuwa amechoka, na karatasi ilikuwa ya mkono wake mwenyewe.

Mama aliporudi aliwasha mashine yake, akakuta skrini nyeusi tii, na juu kabisa kimstari cheupe kinachopepesa. Alikitazama kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," alimwita, "hii imekufa au inafikiri?"

"Iko salama, Mama. Sasa iko salama kabisa."

"Salama ya maiti?"

Siku ya pili Dada Waya alimrudishia madirisha na picha. Ikabaki wifi. Laptopu ilikuwa mpya kuliko mfumo, na mfumo haukukitambua kifaa chake cha kunasa mtandao. Kwa siku tatu ofisi ya dirishani ilifungwa. Kijana wa nyumba ya pili alikuja na barua ya kuomba kazi, mama akamwandikia kwa kalamu, kwa mwandiko wake mzuri wa mlalo, huku akinung'unika kwamba amerudishwa utotoni akiwa na mtoto fundi.

"Ya kazini iligoma kwa sababu ni mpya mno," anasema Dada Waya. "Ya nyumbani ikagoma kwa sababu ni ya zamani mno. Nikasema basi, miaka kumi na moja yote hii, kumbe mimi sijui kitu."

Tangu hapo, kichwa chake hakijatulia. Aliwauliza watu, na penye wengi pana mengi. Rafiki yake wa chuo, anayeitwa Profesa ingawa hajawahi kufundisha hata kuku, alimwambia achukue ile ya kulipia, ukikwama unampigia mtu simu. Mtu mwingine mtandaoni akasema kulipia ni kutupa mali, achukue Rocky, ambayo inatunzwa karibu miaka kumi. Wa tatu akasema Ubuntu ya matoleo yanayotunzwa muda mrefu, miaka mitano inatosha, nani anajua miaka kumi ijayo tutakuwa wapi. Wa nne akasema Debian, na alipoulizwa kwa nini akajibu, "Kwa sababu ni Debian." Wa tano akamtukana kwa kuuliza.

Dereva mmoja wa kampuni aliichungulia karatasi yake akashauri, "Chukua hiyo Ubuntu, dada. Si maana yake utu? Utu haukosei."

Alisoma kila kitu. Kila alichosoma kilikuwa na maoni chini yake, na kila oni lilibomoa kilichoandikwa juu. Amri nazo zikamchanganyikia, kwa kuwa distro hazisemi lugha moja. Kinachoitwa hivi katika ukoo huu, ukoo ule una jina lingine. Alikuwa akijaribu moja nyumbani na nyingine kazini, akaandika amri za nyumbani kazini na za kazini nyumbani, na mashine zote mbili zikamjibu kwamba hazimjui. Siku moja alijikuta jikoni ameshika chumvi na sukari, mkono huu na huu, anajaribu kukumbuka ipi ni thabiti.

Ana watoto wawili wa sekondari na mama mwenye presha, na wote wanategemea mshahara huu mmoja. Hilo anajitahidi asilifikirie akiwa amekaa kwenye kreti. Analifikiria hata hivyo.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya siku yenyewe, alipoitwa ghalani.

Mtunza ghala ni mtu wa makamo, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni. Wanamwita Mzee Utepe, ingawa uzee wenyewe haujamfika. Upande wa kushoto wa ghala amezungushia utepe wa njano sakafuni na hewani, na ndani yake ndiko kunakokaa kila mzigo uliofika na haujakaguliwa. Wao wanakuita karantini. Kila katoni ya humo imefungwa kadi nyekundu yenye neno moja, BADO. Haijalishi imetoka wapi. Siku tatu kwa uchache, ifunguliwe, ihesabiwe, isomwe tarehe, mkaguzi aweke sahihi, ndipo kadi nyekundu itolewe na dawa ipande rafu.

Printa ya karantini ilikuwa imekwama. Dada Waya, mawazo yake yakiwa kwenye majina sita, aliinua mguu kuuvuka utepe.

"Fundi," alisema Mzee Utepe kwa upole, bila kuacha alichokuwa akiandika. "Umeingia wapi?"

"Si unataka nitengeneze printa?"

"Nataka. Lakini rudi, uandike jina kwenye daftari, uvae koti, ndipo uvuke."

Alirudi, akaandika, akavaa, akavuka. Printa ilikuwa imemeza karatasi, jambo la dakika mbili. Alipokuwa amechuchumaa akiivuta karatasi, aliona katoni kando yake zenye nembo ya msambazaji ambaye wamenunua kwake tangu kabla yeye hajaajiriwa. Nazo zilikuwa na kadi nyekundu.

"Hawa nao huwaamini?" aliuliza, kwa kuwa mtu anayesumbuliwa na jambo lake hupenda kusumbua wenzake kidogo.

"Nawaamini sana," alijibu mtunza ghala.

"Sasa kadi ya nini?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Ndiyo, lakini huyu si mgeni. Miaka yote hii."

"Msambazaji si mgeni. Katoni ndiyo ngeni." Aligeuza ukurasa. "Hata wewe nakuamini, na koti umevaa."

Dada Waya alibaki amechuchumaa na kipande cha karatasi mkononi. Anakumbuka kwamba goti lilimuuma na hakulisogeza. Mzee Utepe alimuuliza kama printa imepona, akamuuliza mara ya pili, na mara ya tatu akaja mwenyewe kutazama.

"Wiki tatu nauliza nani mzuri," anasema sasa. "Huyu bwana hamuulizi mtu kama ni mzuri. Anauliza umekaa hapa siku ngapi na nani kakukagua. Na hicho kitu nakipita kila siku ya Mungu, nimekipita miaka kumi na moja, nikienda kuchukua chai."

Anaongeza haraka kwamba hakutoka ghalani akiwa ameelewa kila kitu. Alitoka akiwa amechanganyikiwa kwa namna nyingine, na ile ya kwanza ilikuwa imepungua.

Ijumaa saa nane kamili aliingia kwa meneja na karatasi iliyokuwa imekunjwa hadi imechanika.

"Umechagua ipi?" aliuliza meneja.

"Debian."

"Una uhakika?"

"Sina," alijibu Dada Waya. Mwenyewe anasema alishtuka kujisikia. "Ni tulivu, inatunzwa miaka ya kutosha, na amri zake mkono wangu unazijua. Lakini hata ile ya Rocky ingefaa. Hata Ubuntu ingefaa. Hakuna ambayo haiwezi kunilaza macho siku moja."

Meneja aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo nahitaji vitu viwili," aliendelea. "Nahitaji ile kompyuta kuukuu isiyotumika iliyo chini ya ngazi. Na mita mbili za utepe wa njano."

"Utepe?"

Akaeleza. Mashine ya nne itakaa karantini, imezungushiwa utepe wake, nayo itafanywa iwe sawa na seva ya lebo, kipande kwa kipande, pamoja na printa yake ndogo. Sasisho lolote litaingia kwenye mashine hiyo kwanza. Litakaa siku saba. Kila asubuhi itachapishwa lebo ya majaribio. Ikitoka salama siku zote saba, yeye na mtunza ghala watatia sahihi, ndipo zile tatu ziguswe. Hakuna seva itakayojiamulia chochote alfajiri.

Meneja aliichukua tena kalamu, akayaandika hayo yote. Kisha akasema, "Nakupa. Lakini ikisimama tena kama siku ile, itabidi nifanye nilichosema." Hakulisema kwa ubaya. Dada Waya alijibu kwamba ameelewa.

Aliyekataa ni Mzee Utepe. Karantini yake ni ya dawa, akasema, na hiyo si dawa. Walibishana robo saa. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba kila kinachoingia humo kina fomu, na fomu haina upendeleo. Dada Waya aliijaza. Bidhaa: kompyuta. Ilikotoka: chini ya ngazi. Tarehe ya mwisho ya matumizi: alipaacha wazi, akarudishiwa, akaandika tarehe ambayo mfumo utaacha kutunzwa. Mzee Utepe akaisoma fomu yote, akapiga muhuri, akaifunga ile mashine kadi nyekundu kwa uzi.

Ilibaki nyumbani.

Jumamosi asubuhi alikaa na mama yake mezani pa dirishani, akaweka flashi tatu, kila moja na distro yake. Hizi hazihitaji kuwekwa moja kwa moja. Unachomeka, unaijaribu, unachomoa, mashine inabaki ilivyokuwa. Dada Waya alikuwa amejiandaa kueleza faida na hasara. Alikuwa hata ameandika.

Mama alichomeka ya kwanza, akachapa mistari miwili, akachomoa. Akachomeka ya pili, akachapa mistari miwili, akatoa karatasi kwenye printa, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii," alisema.

Ilikuwa Mint. Kwenye karatasi ya majina sita haikuwemo.

"Mama, bado ya tatu. Na hujaangalia inatunzwa miaka mingapi."

"Herufi naziona. Wifi imeshika. Kitufe cha kuchapa kiko mahali pa kitufe cha kuchapa. Na haijaniuliza kitu."

"Na ikiharibika je?"

"Nitakuita. Si uko chumba cha pili?" Mama alikuwa ameshaanza barua ya mtu. "Kazini wakiharibikiwa wanangoja watu wangapi? Mimi hapa namngoja mmoja, na nimemzaa mwenyewe."

Dada Waya anakiri kwamba alikasirika kidogo. Jambo lililomzungusha wiki tatu, mama yake amelimaliza kabla chai haijapoa. Alipoiweka, alifuata karatasi mpya. Ya seva alikuwa ameiacha kazini kwa makusudi, kwenye droo iliyofungwa.

Leo ni Jumanne, wiki ya tatu tangu mashine ya nne ivuke utepe. Debian ilipita siku zake saba, na zile seva tatu sasa zinaitumia. Saa mbili asubuhi Dada Waya ameandika jina kwenye daftari, amevaa koti, ameingia. Jana kulikuwa na masasisho mapya, ameyaingiza kwenye mashine hiyo tu. Anabonyeza kuchapa lebo ya majaribio.

Programu ya lebo haifunguki.

Anabonyeza tena. Kwenye skrini inatokea sentensi fupi ya kosa, ile ile ya siku ile, neno kwa neno. Anaijua kwa moyo. Kwa muda anasahau yuko wapi. Anageuka ghafla kuutazama ukumbi wa kupakia mizigo, akitarajia kuona magari yamesimama na katoni zimeziba mlango.

Magari yanatoka. Printa kubwa ya ukumbini inatema lebo moja baada ya nyingine. Mpakiaji mmoja amebeba kisanduku cha baridi chenye insulini, na lebo yake nyeupe inasomeka hata kutoka hapa, jina la zahanati ya yule muuguzi. Anakipakia, anagonga mlango wa gari mara mbili, gari linaondoka.

Dada Waya anaketi juu ya katoni tupu. Machozi yanamjia, anayafuta kwa mkono wa koti, yanarudi.

Anasema bado hajui kama alichagua vizuri. Usiku mwingine anasoma habari za Rocky, anapata wasiwasi, anaifunga kompyuta. Jina halimtishi tena kama zamani. Mpango wake ni kumwomba meneja mtu wa pili wa kumfundisha, na ameanza kumwandikia daftari. Ukurasa wa kwanza hautaji distro hata moja. Una mchoro wa ghala, na mstari wa njano aliouchora kwa kalamu ya rangi ya mwanawe. Tumaini lake ni kwamba ifike siku watu wa kampuni hii wasahau kabisa kuwa seva zipo.

"Fundi," Mzee Utepe anamwita kutoka upande wa pili, daftari mkononi, funguo zikilia. "Mbona umekaa? Leo huna kazi?"

"Leo sina."

Mtunza ghala anasogea hadi kwenye utepe, hauvuki. Anaitazama ile mashine, anaitazama kadi nyekundu inayoning'inia, anachukua kalamu sikioni tayari kuandika.

"Imepita?"

"Bado," anasema Dada Waya, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, anacheka.